Tupeane uzoefu: pesto bila basili mbichi, wa Mtwara na Lindi mnatumia jani gani?

Mpishi_Shangani:
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi napika kwenye hoteli moja ndogo hapa Mtwara mjini, mwaka wa sita huu, na kitu kinachoniumiza kichwa ni pesto, ule mchuzi wa Kiitaliano wa basili mbichi iliyopondwa na swaumu, mbegu, chizi na mafuta. Wageni wanaiulizia na mimi mwenyewe naipenda sana na tambi au samaki wa kuchoma. Vingine vyote vipo, korosho ndo usiseme, naziweka badala ya zile mbegu za msonobari za Waitaliano na inatoka laini kweli. Shida jani. Basili tunaagiza Dar, wanaipakia na barafu, basi likifika ukifungua boksi imekuwa nyeusi tii. Nimekuja kujua baadae kumbe baridi ndo inaliua lile jani, hata friji halitaki, bora ulisimamishe kwenye glasi ya maji mezani kama maua.

Siku moja imegoma kabisa nikaenda sokoni nikachukua giligilani mafungu mawili na spinachi changa. Spinachi nikaitumbukiza kwenye maji yanayochemka, nikahesabu mpaka ishirini, nikaitoa chap nikaizamisha kwenye maji ya barafu, halafu nikaikamua mpaka mkono ukauma maana maji yakibaki unapata uji. Giligilani nikaiacha mbichi na vijiti vyake laini. Kiganja cha korosho zilizokaangwa kidogo, punje mbili za kitunguu swaumu, chumvi, mafuta, ndimu mwisho. Rangi ya kijani ilikaa mpaka usiku. Ladha ya basili haipo, sidanganyi, ila sahani zilirudi tupu. Nyie mnafanyaje?

Mjukuu wa Mikindani:
Mkuu basili mbona tunayo, ni mrehani! Bibi anao mlangoni miaka yote, jioni anauchuma anachanganya na asumini anafunga kikuba. Nilivyomwambia nataka niutwange na swaumu nile na tambi akanitazama weee, akasema mjukuu wangu manukato hayo utayalaje. Ila akanipa, na akanifundisha kukata juu kidogo ya pale majani mawili yanapotokea maana hapohapo yanachipua matawi mawili, na maua yakianza unayanyofoa usisubiri.

Wa kwetu ni mkali na majani yake madogo, kwahiyo naweka mrehani kiganja kimoja na spinachi viganja vitatu. Na blenda nimeiacha. Lenyewe jina pesto kwa Kiitaliano linatokana na kuponda, kule Genova kinu chao cha marumaru na mchi wa mti, sasa sisi tunashindwaje? Anza swaumu na chumvi ya mawe mpaka iwe kama krimu, weka korosho, ndo majani, na hapo mchi unauzungusha ukingoni hupigi, mafuta unayamimina mwisho kidogo kidogo. Harufu ilivyopanda bibi mwenyewe alikuja na kipande cha mkate mkononi.

Mama Wawili Ligula:
Kuna mtu aliniambia kivumbasi ni ndugu yake mrehani nikaweka kikombe kizima. Kinanuka karafuu, ulimi ukafa ganzi, nikamwaga na korosho zangu zote, iliniuma. Majani mawili matatu yanatosha.

Binti Lindi:
Mimi natumia basili ya kwenye pakiti, iliyokauka. Ukiisaga peke yake ni kama unatafuna majani makavu, lakini ukiiloweka kwenye mafuta ya uvuguvugu nusu saa halafu uchanganye na giligilani mbichi inarudisha ile harufu. Chizi ngumu ya Waitaliano siinunui, bei yake hapana, naongeza ufuta uliokaangwa maana huku Lindi ufuta tunalima wenyewe, na chumvi kidogo zaidi.

Mgeni wa Jiko:
Samahani, kisamvu je? Kipo bure nyuma ya nyumba.

Mpishi_Shangani:
Dada tafadhali usijaribu. Kisamvu kibichi kina sianidi, ni sumu, lazima kitwangwe na kichemshwe vizuri. Pesto haipikwi. Mlonge mchanga sawa, uupitishe kwenye maji ya moto kwanza.

Fundi wa Chuno:
Kuhifadhi jamani msisahau. Swaumu mbichi ndani ya mafuta usiiache mezani, ni hatari. Friji siku mbili tatu, au mimina kwenye vile vitreya vya barafu ugandishe, unatoa kimoja kimoja. Umeme ukikatika siku nzima na vimeyeyuka mimi namwaga.

Binti Lindi:
Halafu kuna anayekula pesto na ming'oko, vile viazi vya porini? Nilinunua ya moto kwa wale akina mama wa stendi, nikamenya, nikachovya. Ule utamu wake wa udongoudongo na ndimu na korosho, nilikula fungu zima peke yangu nimesimama jikoni.

Mpishi_Shangani:
Hiyo ya ming'oko naijaribu Jumamosi. Mjukuu wa Mikindani, niombee kwa bibi vijiti vitatu vya mrehani, nasikia ukivisimamisha kwenye maji vinatoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Kesho asubuhi nashuka Mikindani, namletea korosho kilo moja zilizobanguliwa.

Mjukuu wa Mikindani:
Amesema njoo kabla jua halijawa kali, atakukatia mwenyewe.