Hivi mashefu wa Top Chef ukiwaleta Mwaloni wanatoboa kweli?

MtuWaMoto:
Mwangaluka wakuu. Nina swali, huku kazini tumebishana leo mpaka oda zikachelewa. Mi ni mpishi kwenye hoteli moja hapa Mwanza, niko upande wa moto, kukaanga na kuchoma. Kuna mwenzetu mmoja mgonjwa wa Top Chef, yale mashindano ya upishi ya TV ya Marekani, kila tukikaa anatuwekea kwenye simu. Sasa wale sio kama wa MasterChef ambao mtu ni mwalimu au dereva anapenda kupika nyumbani, hapana, wale ni mashefu haswa, wengine wana migahawa yao kabisa. Inakuwaje mtu wa level hiyo anampelekea jaji samaki mbichi ndani?? wali kiini, chumvi imezidi, mwingine anasahau kuweka sosi kwenye sahani na sosi yenyewe iko pale mezani inamtazama. Msimu wa 18 ule wa Portland kuna dada anaitwa Dawn Burrell, kabla ya upishi alikuwa mwanariadha wa kuruka chini, alishiriki Olimpiki ya Sydney 2000, anapika vyakula vya asili ya kiafrika majaji wanasifia mpaka basi, lakini mara kwa mara sahani zake zinatoka pungufu, muda umemwishia. Na akafika fainali! Mi nikitoa sahani pungufu hapa mbili tu naitwa ofisini.

Mwenzangu mmoja anasema hizo ni drama za TV. Mwingine anasema mchukue mama ntilie yeyote wa hapa soko la samaki Mwaloni umpeleke kule, zile dola laki mbili na nusu za mshindi anarudi nazo asubuhi tu. Nyie mnaonaje, wale ni wapishi kweli au maigizo?

kijana_wa_Buzuruga:
Taja jina la hoteli mkuu ili nisije nikaagiza msosi wakati mnaangalia Top Chef 😂😂

MzeeWaBufee:
Mtoa mada umeuliza swali la maana ila jibu unalo mwenyewe, hebu fikiria shifti yako. Ukiingia asubuhi unakuta nini? Supu ya mifupa ilichemka tangu jana, kitunguu kimeshakatwa kiko kwenye beseni, sato wameshaparuliwa na kuchanjwa mbavuni wamekolea chumvi na limau, nyanya imeshasagwa. Mteja akiagiza sato mzima wa kukaanga unamtolea ndani ya dakika ishirini na anakusifu una mkono mwepesi. Mkono gani bana, kazi ilifanywa alfajiri na yule kijana wa maandalizi ambaye hakuna anayemjua jina. Jiko la kazini ni maandalizi, kupika kwenyewe ni kipande kidogo tu cha mwisho.

Sasa kule wanakuondolea hicho hicho. Unakaa nyumba moja na wapinzani wako, simu huna, kitabu cha mapishi huruhusiwi kuingia nacho, asubuhi unaambiwa kiungo cha leo ni hiki na una nusu saa. Ile ya haraka wanaiita Quickfire. Ndani ya hiyo nusu saa ukimbilie stoo ambayo hujui chumvi iko rafu gani, ugombanie sufuria, uwashe oveni ambayo hujui inaunguza upande upi, NA ubuni chakula. Mtu yeyote hapo anatoa kitu kibichi. Wajapani ndo walianza ukatili huu na Iron Chef yao mwaka 1993, kiungo kimoja kinafunuliwa pale pale halafu saa moja, ila wao angalau walikuwa na wasaidizi.

Kwa hiyo Dawn hakuwa mpishi mbaya. Alikuwa anapika chakula cha saa mbili ndani ya saa moja, basi. Ukitaka kujua mpishi mwenyewe muangalie anachoamua KUTOPIKA muda ukiwa mdogo.

Nakumbuka_Furu:
Drama, drama, drama. Mnajaza maneno bure. Kamera zinapiga masaa kibao afu mnaletewa dakika arobaini, unafikiri wanachagua zile ambazo watu wanakata vitunguu kwa amani? Wanachagua anayelia.

mama_Neema_samaki:
Nyie wanaume wa jikoni mnanichekesha. Mimi nauza samaki hapa Mwaloni, Kirumba, naomba niulize hao mashefu wa kwenye TV nani kati yao amewahi kuchagua samaki mwenyewe saa kumi na moja alfajiri mwanga wa tochi na mchuuzi anakuapia kwa mama yake kwamba huyu kavuliwa usiku huu? Fungua shavu uone, kama ndani sio jekundu achana naye hata akikupunguzia bei. Sato ukimbonyeza nyama irudi, ikibaki shimo huyo alishakaa barafuni safari ndefu. Sangara nae ana mafuta yake, ukimpika kama sato mchuzi wote unakuwa wa mafuta na mteja anakulaumu wewe mpishi. Dagaa ndo kabisaa, aliyeanikwa mchangani na aliyeanikwa kwenye chanja ni vitu viwili, huyo wa mchangani usipomuosha maji ya moto mara kadhaa jaji anatafuna ufukwe. Na mje mbalamwezi mkubwa muone, wavuvi wa dagaa wanapumzika kwa sababu taa zao hazivuti kitu mwezi ukiwaka, bei inapanda, sasa shefu ameshaandika dagaa kwenye menyu yake tangu Amerika atafanyaje?

Ila na huyo anayesema mama ntilie atachukua dola asubuhi naye aache. Mama ntilie tunamheshimu kwa sababu anajua samaki wake, mkaa wake, sufuria yake na wateja wake wanataka ugali mgumu kiasi gani. Kila siku ni kile kile na ndo maana kinakuwa kitamu. Mpe bata, uyoga na oveni ya kubonyeza vitufe, umwambie dakika thelathini, uone kama hatakutukana kisukuma.

MzeeWaBufee:
@mama_Neema_samaki dada yangu hapo umemaliza. Hiyo ya dagaa na mwezi ningependa vijana wangu wa bufee waisome, kila siku wananiuliza kwa nini bei imebadilika.

@Nakumbuka_Furu drama ipo sikatai, ila kuna vitu huwezi kuigiza. Msimu wa 10, ule wa 2012 kuingia 2013, kulikuwa na binti anaitwa Kristen Kish. Ikafika ile Restaurant Wars, timu inafungua mgahawa kuanzia sifuri. Yeye ndo kiongozi wa jiko. Mwenzake kapewa supu ya samaki ya kifaransa, kachelewa kuiandaa, imeharibika. Mbele ya majaji Kristen angeweza kumnyooshea kidole mwenzake akabaki, hakufanya hivyo, akasema mi ndo kiongozi, wakamtoa yeye. Akaenda kwenye jiko la waliotolewa, Last Chance Kitchen, akapigana huko mpaka akarudi, na msimu akauchukua. Na kuanzia 2024 yeye ndo mtangazaji wa kipindi badala ya Padma Lakshmi. Nimefanya kazi chini ya mashefu wengi, supu ikiharibika wa kwanza kutajwa ni muosha vyombo.

Nakumbuka_Furu:
Sawa hilo la Kristen nakubali kidogo. KIDOGO. Ila mi tatizo langu kubwa ni majaji, wanajua nani kapika nini, kuna sura wanazipenda. Bora Wakorea kwenye ile Culinary Class Wars ya Netflix ya 2024, wapishi mia, themanini hawana jina wanaitwa vijiko vyeusi, ishirini ni wakubwa vijiko vyeupe, wakiwakutanisha mmoja mmoja majaji wanafungwa kitambaa machoni wanalishwa kama watoto. Kuna vigogo walikula za uso pale. Na aliyeshinda ni kijiko cheusi.

kijana_wa_Buzuruga:
Kwenye hiyo ya wakorea aliyeshika wa pili si Edward Lee? Yule alishawahi kushiriki Top Chef pia, msimu wa 9, Texas. Hakushinda huko wala huku ila mi ndo namkubali kuliko wote.

MtuWaMoto:
Wakuu nimewaelewa. @MzeeWaBufee umenigusa kwenye maandalizi maana kweli yule kijana wetu akiumwa siku moja jiko zima tunakuwa kama tumepigwa na radi. Sasa nimepata wazo, Jumatatu hatuna wateja wengi, nimewaambia wenzangu kila mtu apewe sato mmoja hajaparuliwa, nusu saa, na jiko LA MWENZAKO sio lako. Stoo kutakuwa na michembe (vile viazi vitamu vya kukatwa na kuanikwa), karanga, nsansa (majani ya mboga yaliyokaushwa) na mlenda, hakuna mayonezi wala sosi ya chupa. Tumekubaliana majaji wafungwe macho ili @Nakumbuka_Furu asije akalalamika. Yule mwenzetu wa simu ameshaanza kusema mgongo unamuuma.

Nakumbuka_Furu:
Mi nakuja kuwa jaji. Lakini atakayeweka michembe kwenye sahani imekauka kama vibanzi vya mbao simwonei huruma.

MzeeWaBufee:
Ushauri wa bure: dakika kumi za kwanza zitaisha kwenye magamba. Atakayeamua kumpasua awe minofu atachelewa, atakayemchanja akamtupia mafuta ya moto mzima mzima atamaliza wa kwanza. Na maji ya ugali yabandikwe kabla hujagusa samaki.

mama_Neema_samaki:
Sato mnataka wangapi na wa kilo ngapi? Msije saa nne mkategemea kupata wazuri. Njooni na ndoo yenu, na hela taslimu, Jumatatu hakuna mkopo.

MtuWaMoto:
Sita dada, wa nusu kilo. Wawe wanalingana tafadhali, nisije nikaambiwa nimependelewa.