Tupeane uzoefu: wazee wenu waliwasimulia nini kuhusu kura tatu na safari ya uhuru?

Wakuu habari za jioni. Nimeleta uzi huu maana wazee wanaondoka na haya mambo, mwenyewe nimemzika babu juzi juzi na nusu ya aliyonisimulia sikuandika, inaniuma sana.

Babu alikuwa karani Morogoro. Septemba 1958 akapiga ile kura tatu, yaani lazima umchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, ukiacha hata mmoja kura imeharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa, uwe umefika darasa la nane, au kipato shilingi 3,000 kwa mwaka, au una cheo kama uchifu. Tanganyika nzima waliojiandikisha kama 60,000 tu na watu tulikuwa zaidi ya milioni 8!! Asubuhi ile anatoka, baba yake mzazi, mkulima, yuko barazani anamtazama, akamwambia "haya nenda, kanipigie na mimi". Babu akifika hapo kwenye hadithi alikuwa ananyamaza.

Leteni za kwenu.

Mwana Tabora:
Mkutano wa TANU, chama cha Nyerere cha kudai uhuru, wa Januari 1958 wa kuamua tugomee uchaguzi au tuingie ulifanyika kwetu. Bibi alikuwa kwenye kupika, anasema wajumbe walikuja kula wamenuniana kabisa, wengine waliona kura tatu ni matusi, Zuberi Mtemvu, mwana-TANU, akaondoka akaanzisha chama chake. Mi naona Nyerere alikuwa sahihi, mngegoma viti vile 30 vya Baraza la Kutunga Sheria wangekaa wengine.

Fundi Cherehani:
Hiyo 3,000 ndo hiyo hiyo faini aliyopigwa Nyerere mwaka ule ule kwa kesi ya gazeti la chama, alipe au jela miezi 6. Babu yetu mshona nguo hakuwa na sifa ya kupiga kura ila senti 50 yake alichangia faini hiyo. 1960 masharti yakalegezwa, ukijua kusoma na kuandika Kiswahili unaandikishwa, basi shangazi akawa anamfundisha herufi usiku, anaandika kwa chaki ile ya kukatia nguo juu ya meza ya cherehani. Akajiandikisha! Halafu mgombea wa kwao akapita bila kupingwa, majimbo mengi ilikuwa hivyo, TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Kura hakupiga mzee wa watu, lakini jina lake alilisaini mwenyewe.

Binti Ng'ambo:
Huku Unguja kura ya 1957 ilikuwa ya wanaume tu. Bibi yangu kapiga mara ya mwanzo Januari 1961, ndo ile vyama viligawana viti, ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. Katoka alfajiri na mashoga zake, kavaa buibui jipya. Aliporudi babu akamuuliza kampigia nani, hakumwambia, na mpaka leo hasemi.