Naomba ushauri: nitajuaje rekodi ya kwanza ya wimbo?

Habari zenu wakuu. Bi mkubwa anatimiza miaka 60 mwezi ujao na kazi ya muziki nimetupiwa mimi. Nataka nipige nyimbo mbili mbili: ile inayojulikana, halafu ya aliyetangulia kuirekodi.

Hadi sasa ninayo "Jambo" ya Boney M (1983) na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms (1982). Pia "Tainted Love" ya Soft Cell (1981) na ya Gloria Jones (1965). Huyu dada anaiimba mbiombio, tarumbeta zinamjibu, ukimsikia unashangaa wimbo kama huo uliwekwaje upande B wa santuri!

Nilipokwama ni kwenye miaka. Mtandaoni naona mwaka wa albamu ya mkusanyiko, si wa rekodi. Wimbo wa miaka ya sitini unaandikwa 2009. Nimesoma maoni ya watu chini ya video, wanabishana tu.

Je, mwaka halisi mnauthibitisha vipi, hasa kama santuri yenyewe huna? Na ukiacha "Malaika", ni wimbo gani mwingine wa Kiswahili una jozi ya namna hii?