Mashine ya umeme ya kunolea visu: nichukue ipi kwa jiko la nyumbani?

mama_wa_Tabata

Wakuu habari za leo. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Kwangu jiko haliwaki mara moja kwa siku, ni asubuhi, mchana na jioni, na visu vimekuwa butu mpaka nyanya inapondeka badala ya kukatika. Ninavyo vile vya kawaida vya Kariakoo vya mpini wa plastiki, Victorinox moja kubwa, kisu cha mkate chenye meno, na santoku ya Kijapani niliyopewa zawadi. Mdogo wangu yuko Marekani, anakuja likizo, na amesema ataniletea mashine ya umeme. Amenitumia picha: nyingine zina hatua mbili, nyingine tatu, nyingine zimeandikwa nyuzi 15, nyingine 20. Hapo ndipo nimekwama. Hizo nyuzi zina maana gani kwa mtu anayekata mchicha na kuku? Santoku yangu naipenda mno, sitaki iharibike.

Natanguliza shukrani.

fundi_Tandika

Dada, kabla ya nyuzi mwambie asome kibandiko kilicho chini ya mashine. Kikiwa kimeandikwa 120V 60Hz tu, aiache hukohuko. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ile adapta ndogo inabadilisha umbo la plagi, volti haizigusi, na ukichomeka mota inaungua. Atatokea mtu akwambie ununue transfoma ya kushusha. Kweli itashusha volti, lakini hezi zinabaki 50, na mota nyingi za namna hiyo zitazunguka taratibu kuliko zilivyotengenezwa. Halafu transfoma nzito jikoni, karibu na sinki? Mimi siishauri.

Kibandiko kikisema 100-240V, hapo hamna shida. Vinginevyo tafuta iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza. Umeme wao unaendana na wetu, na plagi yao ndiyo hii yetu ya pini tatu bapa.

kijana_wa_Feri

Kwa nini usimpe mnoaji wa baiskeli? Akipita mtaani anakunolea vyote kwa hela ndogo. Sisi wa samaki ndio tunaowategemea.

mpishi_Upanga

Kwa visu vya Kariakoo kijana yuko sahihi kabisa, na hata panga la kukatia mifupa mpe huyohuyo. Ila santoku usimpe. Jiwe lake linazunguka kasi bila maji, ukingo mwembamba unapata moto haraka, na chuma kikishapata moto kupita kiasi kinalegea. Makali hayakai tena. Na pembe anaipima kwa jicho.

Sasa nyuzi. Ni pembe ya ukingo wa kisu, inapimwa kila upande. Visu vya Ulaya kwa kawaida hunolewa kwenye nyuzi 20 hivi, vya Kijapani karibu 15. Pembe ikiwa ndogo kisu kinapenya kwa urahisi, kitunguu hakipasuki ovyo, lakini ukikigonga kwenye mfupa wa kuku wa kienyeji ukingo unamomonyoka. Pembe pana inavumilia kazi ngumu. Kwa hiyo ukiipitisha santoku kwenye mashine ya nyuzi 20 haitavunjika, ila itachongwa upya, ipoteze ule wepesi unaoupenda. Kuirudisha maana yake ni kula chuma kingi.

Kwa visu ulivyotaja, mimi ningechukua ya nyuzi 15 yenye hatua tatu. Chef'sChoice wana Trizor 15XV, ambayo imetengenezwa makusudi kubadilisha kisu cha nyuzi 20 kiwe cha 15. Victorinox yako itaimudu kwa mboga na nyama isiyo na mfupa. Kwanza lakini itazame santoku vizuri: kama upande mmoja ni bapa kabisa na makali yako upande mmoja tu, mashine ya kawaida haiifai.

Namna ya kutumia ndiyo inayookoa visu. Hatua ya kwanza ni ya almasi ya kukwaruza, inaondoa chuma, nayo ni ya kisu butu kweli. Kisu kikipungua makali kidogo tu, nenda moja kwa moja hatua ya mwisho. Usikandamize. Vuta kutoka karibu na mpini mpaka nchani kwa mwendo uleule, sekunde 4 au 5 kwa kisu cha sentimita 20, kushoto kisha kulia. Usisimame katikati, utachimba shimo. Ukipapasa kutoka ubapani kuelekea nje ukahisi chuma chembamba kimejikunja na kinakwaruza, hapo hatua ya kwanza imetosha.

Kitu kimoja wauzaji hawakisemi: kisu chenye shingo nene ya chuma inayoshuka mpaka kwenye makali hakiingii chote. Ile sehemu ya karibu na mpini inabaki bila kunolewa, na baada ya muda kisu kinapata kibonde, hakikai vizuri kwenye ubao.

binti_Magomeni

Mimi santoku yangu naipeleka kwenye kinoo cha maji cha namba 1000 (hiyo namba ni ya ulaini wa jiwe), basi. Inahitaji mkono mtulivu, lakini chuma kinachopotea ni kidogo sana. Dada, chukua mashine kwa vya kila siku, santoku ibaki ya kinoo. Na msikatie kwenye sahani au kwenye marumaru, hakuna mashine itakayofidia hilo.

mama_wa_Tabata

Asanteni sana wapendwa. Nimempigia mdogo wangu, amesoma kibandiko, ni 120V. Nimemwambia aache, nitaagiza ya Uingereza ya nyuzi 15, na kinoo nitatafuta Kariakoo. Kisu cha mkate je? Na mashine yenyewe inaoshwaje?

mpishi_Upanga

Cha mkate hatua ya mwisho tu, tena kama kitabu chake kinaruhusu. Kitasaidika kiasi, meno hayatarudi kama mapya. Mashine usiioshe kwa maji. Chomoa, geuza, toa unga wa chuma kwa brashi kavu. Kisu kikitoka humo kioshe na kukikausha kabla hakijagusa chakula, maana ule unga unabaki ubavuni na hauonekani kwa urahisi.