Ushauri: Wote wawili hatuna ajira, tunaishi kwa kazi za kujitegemea, madeni yamefika 4,265,000. Tuanzie wapi?

MamaWawili_Tabata

Wakuu, salaam. Naweka hesabu zote wazi ili mnishauri kwa namba.

Mume wangu anapiga na kuhariri video (harusi, semina, matangazo ya ofisi), mimi natafsiri nyaraka kwa mawakala wa nje, malipo yanapitia Payoneer (akaunti ya malipo ya mtandaoni). Tuna watoto wawili, tumepanga Dar. Kipato chetu sote wawili kwa miezi sita iliyopita: 1,450,000, 620,000, 1,900,000, 700,000, 1,150,000, 980,000.

Matumizi kwa mwezi: chakula 300,000, kodi 180,000 (mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo), LUKU na maji 45,000, gesi 30,000, bando 60,000, mafuta ya pikipiki 70,000, shule 75,000. Jumla 760,000.

Madeni:
– Kausha damu (mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa) 800,000, riba 30% kwa mwezi. Tunalipa 240,000 kila mwezi na mtaji uko palepale. Ameshika kadi ya pikipiki na mkataba wa mauziano aliotusainisha.
– Taasisi ya mikopo yenye leseni: 1,600,000, rejesho 210,000, imebaki miezi 9.
– VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa (mimi): 600,000, rejesho 100,000, pamoja na hisa 10,000 kila wiki.
– Mikopo ya simu, yaani Songesha (mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha) na programu mbili: 340,000.
– Ada ya shule iliyobaki 380,000.
– Duka la Mangi 95,000.
– Shemeji yangu 450,000, hana riba.

Kuna ofisi tunayoidai invoisi ya 1,300,000, miezi miwili sasa haijalipa. Mali iliyopo ni kamera mbili, kompyuta mbili na pikipiki.

Tulifikiri tuanze na madeni madogo ili tupumue. Ni sawa?

Mhasibu_wa_Mtaa

Dada, ahsante kwa kuweka hesabu kamili, maana wengi huleta nusu.

Wastani wa kipato chenu ni 1,133,000. Matumizi 760,000, marejesho 550,000, hisa 40,000: jumla 1,350,000. Mnapungukiwa karibu 217,000 kila mwezi, na kwa miezi sita ni 1,302,000. Sasa jumlisha simu, ada, Mangi na shemeji: 1,265,000. Madeni hayo manne hayakuletwa na matumizi ya hovyo. Ni pengo la kila mwezi limegawanyika sehemu nne. Ukianza kuyalipa hayo wakati pengo lipo, yatarudi yaleyale kabla ya muhula mwingine wa shule.

Pengo lenyewe ni 217,000 na riba ya kausha damu ni 240,000. Umeona? Ukiliondoa deni hilo moja, matumizi na marejesho yanashuka hadi 1,110,000 na mnabaki na kama 23,000 juu. Ni kidogo, lakini mnaacha kuzama. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni hapana. Anzeni na kausha damu, na mlipe mtaji wote kwa mara moja. Ukimpelekea 300,000 leo na 200,000 mwezi ujao, ataandika 240,000 ni riba na kilichobaki ni faini. Hapo ndipo wengi wanapoteza hela.

Kwa kulinganisha tu: kikomo cha riba ambacho Benki Kuu imewawekea watoa mikopo midogo wa daraja la pili (wenye leseni, wasiopokea amana) ni 3.5% kwa mwezi. Kwa 800,000 ni 28,000. Wewe unalipa 240,000.

Lenzi50mm

Uza kamera moja. Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) iliyo safi, ikiwa na chaji yake, betri mbili na boksi, haiwezi kukosa mnunuzi. Kabla ya kuipiga picha za tangazo safisha sensa (sehemu ya ndani inayonasa picha), weka wazi idadi ya shata, yaani picha ambazo imeshapiga, na msiuze na lenzi zake. Lenzi hazishuki bei haraka kama bodi na mtazihitaji. Lengo liwe 850,000: mtaji wa 800,000 na kidogo cha kuhangaikia.

Kamanda wa Kigogo

Napinga. Chombo cha kazi hakiuzwi. Harusi ya kamera moja ni hatari, kadi ya kumbukumbu ikifa katikati ya nikahi unamlipa bwana harusi nini? Bora waende kwenye ile taasisi yenye leseni waombe nyongeza.

Lenzi50mm

Mkuu, sijasema wapige harusi kwa kamera moja. Wakodi ya pili siku ya kazi. Hata wakikodi kwa 50,000 mara mbili kwa mwezi ni 100,000, na gharama hiyo inaingizwa kwenye bei ya mteja. Kamera iliyokaa kabatini inawagharimu 240,000 kila mwezi, maana ndiyo ingefuta lile deni. Usalama wa picha ni kurekodi kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja kama bodi iliyobaki ina nafasi mbili. Kama haina, basi auze hiyo abaki na yenye nafasi mbili.

Mhasibu_wa_Mtaa

Hoja ya Kamanda isitupwe, tuipigie hesabu. Tuseme wanaongezewa 800,000, deni linakuwa 2,400,000 kwa miezi 18, riba 3.5% ya salio linalopungua. Rejesho ni kama 182,000 kwa mwezi, jumla 3,276,000, riba 876,000. Mkataba wa sasa umebakiza riba ya 290,000 hivi. Kwa hiyo nyongeza inawagharimu 586,000 zaidi kwa mwaka mmoja na nusu. Kausha damu inakula kiasi hicho kabla ya miezi mitatu kwisha.

Maana yake, kama kamera haiuziki kwa bei ya maana, nyongeza ni njia halali. Lakini kuna mambo yanayoiharibu. Afisa mikopo atawashawishi mchukue 1,500,000 "kwa kuwa mnakopesheka". Kataeni, chukueni ya kumaliza kausha damu tu. Ulizeni ada ya maombi, bima ya mkopo na adhabu ya kuchelewa kabla ya kusaini, na muombe jedwali la marejesho lililochapwa. Ulizeni pia riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wa awali muda wote. Hiyo ya pili ina gharama karibu mara mbili hata kama asilimia iliyoandikwa ni ileile. Na hela ikitoka, iende kwa kausha damu siku hiyohiyo. Ikilala nyumbani wiki moja itakuwa imeshapata kazi nyingine.

Wakili_Kivulini

Kuhusu siku ya kumlipa kausha damu, fuateni utaratibu huu.

Msimpe taslimu barabarani. Mkutane ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti au mtendaji awepo, na shahidi wenu mmoja. Malipo yapite benki au kwenye simu ili yabaki na kumbukumbu. Kabla ya kubonyeza tuma, awe ameweka mezani kadi ya pikipiki na ule mkataba wa mauziano, nakala halisi siyo kivuli. Aandike kwa mkono wake kwamba deni limekwisha na hana madai, atie saini, tarehe na namba ya kitambulisho, kisha muhuri wa mtaa upigwe. Kama mlimwachia kadi ya benki, msiishie kuichukua: badilisheni namba ya siri au muombe kadi mpya, kwa sababu namba anaijua. Kama mlisaini karatasi yoyote tupu, irudishwe mbele ya mashahidi.

Mkataba wa mauziano ndio unaonitia wasiwasi kuliko riba. Kwa karatasi hiyo anaweza kudai pikipiki aliinunua, halafu mzigo wa kueleza kwamba ulikuwa mkopo unabaki kwenu. Kwa hiyo kusanyeni sasa, kabla hamjamwambia mnataka kumaliza, jumbe zote za simu ambazo ametaja "riba" au "rejesho" na taarifa ya miamala inayoonyesha mlimtumia 240,000 kila mwezi. Mnunuzi wa pikipiki hatumiwi hela na muuzaji.

Akitishia polisi msitetemeke. Kushindwa kulipa deni ni shauri la madai, siyo jinai.

Dada_Bando

Kwenye mikopo ya simu kuna mtego. Songesha inajikata yenyewe pesa ikiingia kwenye laini. Mteja akituma malipo ya awali ya kazi, sehemu inaondoka kabla hujanunua hata kadi ya kumbukumbu, unasonga tena, ada inaanza upya. Malipo ya wateja yahamie benki au laini nyingine isiyo na mkopo, na ile yenye Songesha uiwekee kiasi cha kumaliza deni mara moja kisha uache kuitumia kusongea.

Kwa mkopo wowote wa simu, soma ada kwa mwaka mzima. Ada ya 9% kwa siku 30 inaonekana ndogo, ukiizungusha mwaka mzima ni 108%.

Hizo programu mbili, angalieni kama zina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Yenu ikiwemo, mtaji mliochukua bado ni deni, ila msikope tena humo. Ingia kwenye mipangilio ya simu uondoe ruhusa ya majina, picha na jumbe kabla ya kuifuta programu. Wakianza kuwatumia ndugu zako ujumbe wa kukudhalilisha, usijibizane. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, upeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ni ya mwaka 2022.

Fundi_Invoisi

Ile 1,300,000 ndiyo hela yenu ya karibu zaidi na hakuna aliyeigusa. Usimpigie aliyewapa kazi, yeye halipi. Mpigie mhasibu wa ofisi hiyo, umuulize swali moja: faili letu limekwama wapi? Mara nyingi ni vitu hivi: hakuna risiti ya EFD, LPO (hati yao ya kuagiza kazi) haikuambatishwa, jina kwenye akaunti ya benki halifanani na jina kwenye invoisi, au TIN haipo. Vyote vinarekebishika ndani ya siku chache, lakini hakuna atakayekupigia kukwambia.

Kama nyaraka ziko sawa, peleka barua ya madai kwa mkono ukiwa na nakala ya pili, wagonge muhuri wa kupokea. Wape siku 14. Baada ya hapo Mahakama ya Mwanzo, unafungua mwenyewe.

Mtegemee 1,235,000, siyo 1,300,000. Wanakata kodi ya zuio 5% kwenye huduma, ambayo ni 65,000. Daini cheti cha hiyo kodi, maana inahesabiwa kwenye kodi yenu ya mwaka. Watu wanaacha vyeti hivi kila siku na kulipa kodi mara mbili.

Kuanzia sasa kazi ya harusi: nusu kabla ya kuandika tarehe kwenye kalenda, iliyobaki kabla ya kukabidhi video iliyokamilika. Onyesha sampuli yenye jina lenu limepita katikati ya picha. Kwa upande wako dada, mawakala wa tafsiri wengi hulipa siku 30 hadi 60 baada ya invoisi, hivyo tuma invoisi siku unayokabidhi kazi, usisubiri mwisho wa mwezi. Na usitoe vidola vidogo vidogo Payoneer, makato ya kila muamala yanakula. Kusanya utoe mara moja.

MamaWawili_Tabata

Nashukuru sana, nimeandika yote. Ile invoisi ikiingia tuigawanye vipi? Na hisa za VICOBA nisimamishe kwanza?

Mhasibu_wa_Mtaa

Invoisi: simu 340,000, ada 380,000, Mangi 95,000. Jumla 815,000. Inabaki 420,000, hiyo msiilipie deni lolote. Iwekeni akaunti ya pembeni kama akiba ya miezi mibaya. Mkishusha mahitaji hadi 1,110,000, mwezi wa 620,000 unapungua 490,000 na wa 700,000 unapungua 410,000. Akiba ya kubeba miezi miwili ya namna hiyo ni 900,000, kwa hiyo mtakuwa mmefika karibu nusu. Nyingine itoke kwenye mwezi kama ule wa 1,900,000: pesa yote iingie akaunti moja, tarehe 1 mjilipe 1,110,000 kama mshahara, ziada ibaki hapohapo. Na kodi ya nyumba ihamishwe 30,000 kila unapolipwa kazi, hadi 180,000 ya mwezi itimie. Kodi ya mkupuo, 1,080,000, ndiyo imewapeleka watu wengi kwa kausha damu.

Hisa usiache bila kusoma katiba ya kikundi. Vikundi vingi vinatoza faini au vinakunyima mkopo ukikosa. Omba ushuke hadi kiwango cha chini wanachoruhusu.

Halafu sioni michango kwenye orodha yako. Sioni hospitali. Hakuna familia Dar isiyochangia harusi wala msiba. Wekeni 30,000 ya vyote viwili, itoke kwenye chakula na mafuta, na ikiisha mwezi huo mseme imeisha.

Kamanda wa Kigogo

Na shemeji je? Hana riba lakini ni ndugu.

Mhasibu_wa_Mtaa

Aendewe wiki hii, wote wawili, apewe tarehe. VICOBA inakwisha baada ya marejesho sita, inaachia 100,000 kwa mwezi. Mwezi wa saba aanze kupewa 50,000, miezi tisa amemaliza, na 50,000 nyingine ijaze akiba. Mwezi wa kumi ile taasisi nayo itakuwa imekwisha, 210,000 inarudi nyumbani, na shemeji anaweza kumaliziwa mapema. Aambiwe ratiba hiyo kwa mdomo na atumiwe kwa ujumbe pia, asije kusikia kwa watu kwamba mmeuza kamera na yeye hajapewa kitu.