Naomba ushauri: shimo jeusi linavuka kikomo cha Eddington mara 10, niamini?

Mleta uzi
Wakuu, nina galaksi kutoka orodha ya WISE (darubini ya anga ya infraredi). Kwenye mawimbi ya mikromita 3.4 na 4.6 karibu haionekani, ila kwenye 12 na 22 inawaka sana. Mhamo mwekundu (urefu wa mawimbi unavyovutwa na kutanuka kwa ulimwengu) ni 3.2, mng'aro wote ni Jua trilioni 100. Uzito wa shimo jeusi nimeupata kwa upana wa mstari wa C IV (mwanga wa kaboni iliyopoteza elektroni tatu, kutoka gesi inayozunguka shimo) na mwanga wa urujuanimno: Jua milioni 300. Niandike kwamba linakula mara 10 ya kikomo cha Eddington, yaani mng'aro ambao ukizidi, mwanga unasukuma nje gesi inayoingia?

Mchangiaji 1
Usiandike bado, mkuu. Kikomo ni takriban mng'aro wa Jua 32,000 kwa kila uzito wa Jua mmoja, kwa hiyo kugawanya umegawanya sawa. Uzito ndio wenye shida. Kanuni hiyo inakadiria umbali wa gesi kutoka kwa shimo kwa kipeuo cha pili cha mng'aro, na vumbi linalofunika shimo limekula mng'aro huo. Ikiwa kinachokufikia ni asilimia 1 tu, labda mwanga uliotawanywa pembeni, uzito umepungua mara 10. Rudisha hiyo, unapata Jua bilioni 3, na mara 10 zako zinakuwa 1.

Mng'aro wa kuingiza kwenye kanuni uchukue kwenye infraredi. Mikromita 22 kwa mhamo wako ni kama 5.2 kule kwenye galaksi yenyewe, na hapo vumbi halizuii sana.

Mchangiaji 2
Naongezea: C IV inapanuliwa na upepo wa gesi inayotoka, na upana unaingia kwa kipeo cha pili. Ukizidi mara 2, uzito unazidi mara 4, yaani kosa la upande wa pili. Ukiona kilele kimesogea upande wa buluu, achana nao. Tumia mistari ya hidrojeni: H-beta yako iko mikromita 2.04, inapimika kutoka ardhini. H-alfa iko 2.76, hiyo mpaka darubini ya anga ya JWST.

Halafu hakiki lenzi ya graviti (galaksi ya mbele inayokuza mwanga wa ile ya nyuma) kwa picha kali ya ALMA, darubini za redio za Chile. Ukuzaji wa mara 9 unapandisha uwiano wa mng'aro kwa kikomo mara 3, maana mng'aro unapanda mara 9 na uzito mara 3. Na pikseli za mikromita 22 zisikudanganye: WISE huko inaona kwa sekunde-tao 12, jirani anaingia kirahisi.

Mleta uzi
Uwiano ukibaki 3 baada ya yote hayo?

Mchangiaji 1
Inawezekana kabisa. Galaksi W2246-0526, yenye mhamo 4.6, imekadiriwa karibu 2.8 kwa shimo la Jua bilioni 4. Kikomo kinadhani gesi inaingia kutoka pande zote sawasawa. Kwenye diski nene fotoni hunaswa na kumezwa pamoja na gesi. Kwa ufanisi (sehemu ya gesi inayogeuka mwanga) wa asilimia 10, Jua trilioni 100 ni ongezeko la kama Jua 60 kwa mwaka. Andika "angalau", maana diski nene ina ufanisi mdogo zaidi. Na weka kosa la uzito: mara 3 juu na chini.