Mrejesho: riwaya ya marehemu isiyo na mwisho

Niliuliza namna ya kumalizia riwaya ya kisayansi ambayo muhtasari wake umekatika. Mfano wa riwaya Variable Star umesaidia sana: mwandishi Robert A. Heinlein aliacha muhtasari wa 1955 usio na mwisho pamoja na kadi za maelezo. Mwandishi mwingine, Spider Robinson, akabuni hatima, kitabu kikatoka 2006.

Kibali cha warithi kwanza, kwa maandishi. Kila kadi ipigwe picha na kupewa namba kabla ya kuhamishwa, maana mpangilio ukivurugika haurudi.

Kinachoharibu zaidi ni hesabu ya muda wa safari za anga. Kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, mwaka 1 ndani ya chombo cha anga ni takriban miaka 7 nyumbani. Kagueni umri wa wahusika kabla ya kugusa mtindo.